Uzi: Manahodha wa Collingwood, tangu Syd Coventry hadi Darcy Moore, na suala la malipo sawa

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kwa muda mrefu nimefuatilia humu mijadala kuhusu manahodha wa timu za soka, nami nimeona nilete hoja kutoka katika mchezo ambao wengi wetu tunausikia kwa mbali tu, yaani mpira wa miguu wa Kiaustralia. Huchezwa na watu 18 kila upande, katika uwanja wenye umbo la yai, kwa mpira wenye umbo hilohilo, na kila mwisho wa uwanja kuna milingoti minne. Mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya milingoti miwili mirefu ni goli la pointi 6. Ukipita pembeni yake, kwenye milingoti mifupi, ni pointi 1. Mimi ninaishi Melbourne, na klabu ninayotaka kuizungumzia ni Collingwood, iliyoanzishwa mwaka 1892 katika mtaa wa wafanyakazi wa viwanda vya viatu, kofia na bia. Jezi yake ni ya mistari myeusi na myeupe, na nembo yake ni ndege wa rangi hizo hizo, anayemkumbusha mtu kunguru wetu mwenye kifua cheupe.

Nahodha wa mchezo huu havai kitambaa mkononi. Kabla ya mechi huenda katikati kurusha shilingi ili achague goli la kushambulia, jambo lenye uzito mkubwa siku ya upepo, na timu yake ikishinda fainali kuu hupanda jukwaani na kocha wake wakaliinua kombe kwa pamoja. Zamani mtu mmoja aliweza kuzibeba kazi zote mbili, kama alivyofanya George Angus aliyeipa Collingwood ubingwa wa mwaka 1910 akiwa kocha na nahodha.

Hoja yangu ni kwamba katika klabu hii cheo cha nahodha kimekuwa dhamana ya usawa baina ya wachezaji, na kwamba historia yake nzima, ushindi wake wa kupindukia na ukame wake wa miaka mingi, inaeleweka vizuri zaidi ukiisoma kupitia swali moja: je, nahodha na wenzake walikuwa wakibeba mzigo uleule na kupokea haki ileile?

Nianze na Syd Coventry. Alikabidhiwa unahodha mwaka 1927, baada ya klabu kushindwa na klabu ya Melbourne katika fainali ya 1926 na kuachana na nahodha wake, Charlie Tyson, katikati ya uvumi mchungu ambao mwenyewe aliukana. Chumba cha wachezaji kilikuwa kimejaa shaka. Chini ya Syd, Collingwood ilitwaa ubingwa wa 1927, 1928, 1929 na 1930, mara nne mfululizo, na hadi leo hakuna klabu nyingine ya ligi kuu ya mchezo huu iliyofikia idadi hiyo. Fainali ya 1927 ilichezwa katika mvua kubwa, na Collingwood iliifunga Richmond kwa pointi 25 dhidi ya 13, matokeo ambayo siku hizi timu huyapita kabla ya robo ya kwanza kwisha. Mwaka huohuo Syd alipewa medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora na mwenye nidhamu katika ligi.

Jambo la kushangaza katika kikosi kile ni malipo. Kila mchezaji wa kikosi cha kwanza alilipwa kiasi kilekile. Gordon Coventry, mdogo wake Syd, aliyefunga magoli 1,299 katika maisha yake ya uchezaji na ambaye mwaka 1929 peke yake alifunga 124, alipokea sawa na kijana aliyeingia uwanjani kwa mara ya kwanza. Mwaka 1930 ligi yenyewe iliweka kanuni iliyojulikana kama Sheria ya Coulter, ikikataza mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 3 kwa mechi, lakini Collingwood ilikuwa tayari imeufanya usawa kuwa tabia. Nami ninaamini kabisa kwamba mpango wa namna hiyo haudumu kwa amri ya kamati tu. Unahitaji nahodha ambaye mdogo wake mwenyewe ndiye mfungaji mkubwa kuliko wote nchini, na ambaye hamwombei huyo mdogo wake hata senti ya ziada.

Katika fainali ya 1930 kocha wao, Jock McHale, alikuwa mgonjwa nyumbani. Wakati wa mapumziko Geelong walikuwa mbele kwa pointi 21. Mweka hazina wa klabu, Bob Rush, aliwahutubia wachezaji, kisha Syd akawarudisha uwanjani, na katika robo ya tatu walifunga magoli manane. Walishinda kwa pointi 100 dhidi ya 70. Kila ninapolifikiria tukio hilo huona kwamba siku kocha anapokosekana ndipo unapojua kama unahodha ni cheo au ni jina tu.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna nahodha wa kabla yake ambaye kisa chake kinauma. Dan Minogue aliiongoza Collingwood kuanzia 1914 hadi 1916, akaenda vitani Ulaya, na aliporudi hakutaka tena kuichezea. Alikasirishwa na jinsi rafiki yake, Jim Sadler, alivyotendewa na klabu. Alikubali kukaa nje msimu mzima wa 1919, kisha akaenda Richmond kuwa kocha na nahodha, na mwaka 1920 akaifunga Collingwood katika fainali kuu. Inasimuliwa kwamba klabu iliigeuza picha yake ukutani ikatazama ukuta. Wengi hukisimulia kisa hicho kama mfano wa usaliti. Mimi ninakisoma kinyume chake: huyu ni nahodha aliyeona mwenzake ameonewa, akachukua hatua iliyomgharimu yeye mwenyewe.

Harry Collier aliongoza ubingwa wa 1935 na 1936, na Lou Richards ule wa 1953, uliopatikana dhidi ya Geelong kwa pointi 77 kwa 65. McHale, aliyekuwa nahodha mwaka 1912 na 1913 na kocha tangu 1912 hadi 1949, alipatwa na ugonjwa wa moyo siku moja baada ya fainali hiyo ya 1953 na kufariki siku chache baadaye. Mwaka 1958 Melbourne walikuwa wametwaa ubingwa mara tatu mfululizo, na wa nne ungeifikia rekodi ya Syd na wenzake. Nahodha wa Collingwood, Frank Tuck, aliumia na hakucheza fainali. Murray Weideman akashika nafasi yake, na yeye na Barry Harrison wakawakabili nyota wa Melbourne kwa nguvu za mwili hadi wakawatoa mchezoni. Collingwood ilishinda kwa pointi 18. Rekodi ikalindwa na nahodha wa muda, na Syd Coventry, ambaye wakati huo alikuwa rais wa klabu, akaishuhudia.

Kisha ukaja ukame wa miaka 32. Mwaka 1964 nahodha Ray Gabelich, mtu mkubwa kwa umbo na asiye na mbio, alikimbia na mpira katika robo ya mwisho akiudundisha chini mara kadhaa kama kanuni inavyomtaka anayekimbia nao, nusura umponyoke, akafunga goli lililoiweka timu yake mbele. Dakika chache baadaye Melbourne walifunga, wakashinda kwa pointi 4. Mwaka 1966, chini ya Des Tuddenham, walishindwa na St Kilda kwa pointi 1.

Mwaka 1970 ndio kiini cha uzi huu. Klabu ilimleta Peter Eakins kutoka Australia ya Magharibi kwa fedha ambazo wachezaji wake wa siku zote hawakuwahi kuziona. Tuddenham, nahodha, na Len Thompson, msaidizi wake, waligoma kabla ya msimu wakidai nao walipwe kwa haki. Mgomo ulipomalizika walirudi kucheza, lakini wote wawili walikuwa wamevuliwa vyeo, na unahodha akapewa Terry Waters. Mwaka huo, mbele ya watazamaji 121,696, idadi ambayo haijawahi kufikiwa tena katika mchezo huo, Collingwood iliongoza fainali kwa pointi 44 wakati wa mapumziko, na Carlton wakaigeuza wakashinda kwa pointi 10.

Sidai kwamba Collingwood ilishindwa kwa sababu ya mgomo. Carlton walikuwa na nyota kama Alex Jesaulenko, na kocha wao alibadilisha mchezo wao kipindi cha pili. Ninachosema ni kwamba Tuddenham aliadhibiwa kwa kudai jambo ambalo klabu yenyewe ilijivunia kwa miaka 40. Syd aliulinda usawa akasimamishwa kama nguzo. Tuddenham aliudai akavuliwa cheo. Mwaka 1972 aliondoka akawa kocha na nahodha wa Essendon. Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu mleta mada, nakushukuru kwa uzi mzito, lakini nadhani umeipendelea hoja yako kwa kuchagua mifano. Mbona hujamtaja Nathan Buckley? Alikuwa nahodha tangu 1999 hadi 2007. Alishinda tuzo ya mchezaji bora wa klabu mara sita. Mwaka 2002 alipewa medali ya Norm Smith, ya mchezaji bora wa fainali, ingawa timu yake ilishindwa na Brisbane kwa pointi 9, na mwaka uliofuata akagawana medali ya Brownlow na Adam Goodes na Mark Ricciuto. Alibeba timu iliyokuwa dhaifu mpaka ikafika fainali mbili mfululizo. Tena aliporudi kama kocha alishindwa fainali ya 2018 kwa pointi 5 tu. Je, mtu wa namna hiyo tumwambie kwamba unahodha wake una kasoro kwa sababu hakuinua kombe? Kwa maoni yangu makombe ni kipimo kibovu cha nahodha.

Mleta mada

Ndugu yangu, umenigusa penyewe, na sina budi kukubali kwamba makombe peke yake hayatoshi. Buckley alikutana na Brisbane iliyotwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 2001 hadi 2003, na hakuna nahodha ambaye angeizuia kwa hotuba. Ninamheshimu sana.

Hata hivyo, tazama waliolileta kombe baada ya ukame. Mwaka 1990 nahodha alikuwa Tony Shaw, mfupi wa kimo, asiye na mbio, mtu ambaye ukimwona barabarani usingedhani ni mwanamichezo. Aliiongoza Collingwood kuifunga Essendon kwa pointi 48 na yeye mwenyewe akapewa medali ya Norm Smith. Mwaka 2010 nahodha alikuwa Nick Maxwell, aliyeingia klabuni kupitia orodha ya wachezaji wa majaribio, mlango wa wale ambao hakuna klabu iliyowachagua. Fainali ya kwanza dhidi ya St Kilda iliisha kwa sare ya pointi 68 kwa 68, na ilibidi irudiwe juma lililofuata. Collingwood ikashinda kwa pointi 56. Katika vikosi vyote viwili walikuwapo wachezaji wenye vipaji kuliko nahodha wao, nao walimfuata kwa hiari. Nadhani mchezaji wa kawaida anamwamini kwa urahisi zaidi nahodha aliyepitia shida zilezile anazopitia yeye. Buckley aliwazidi wenzake kwa mbali mno, na hilo halikuwa kosa lake.

Mchangiaji wa pili

Naomba kuongeza upande wa ukoo, kwa sababu mleta mada ameugusia kwa akina Coventry kisha akauacha. Charlie Pannam, mtoto wa Mgiriki ambaye jina la ukoo lilikuwa Pannamopoulos, alikuwa nahodha mwaka 1905. Mwanawe, Alby, akawa nahodha mwaka 1945. Mjukuu wake ndiye huyo Lou Richards wa 1953. Hivyo nyumba moja imetoa manahodha watatu katika vizazi vitatu. Ray Shaw alikuwa nahodha mwaka 1979 na 1980, kisha mdogo wake Tony akaja kulileta kombe ambalo Ray alilikosa, na mtoto wa Ray, Heath, alikuwa kikosini mwaka 2010.

Akina Moore ndio wanaonigusa zaidi. Peter Moore alikuwa nahodha katika fainali ya 1981 waliyoshindwa na Carlton, na kwa uchungu aliitupa chini medali waliyopewa walioshindwa. Aliondoka kwenda Melbourne na hakuwahi kupata ubingwa. Mwaka 2023 mwanawe, Darcy, aliteuliwa kuwa nahodha, na mwaka huohuo akaliinua kombe. Kwetu tungesema mtoto amelipa deni la baba. Kama unahodha ni suala la malipo tu, mbona unarudi katika nyumba zilezile?

Mchangiaji wa tatu

Nimewasoma wote kwa makini, na ninaheshimu utafiti wa mleta mada, lakini neno "usawa" limerudiwa mara nyingi mno bila kuulizwa usawa wa nani.

Aprili 1993, katika uwanja wa Victoria Park, nyumbani kwa Collingwood, Nicky Winmar wa St Kilda, mzawa wa asili wa Australia, alitukanwa kwa rangi yake na mashabiki wa Collingwood tangu mwanzo wa mechi. Timu yake iliposhinda aliinua jezi yake akaonyesha kwa kidole ngozi ya tumbo lake. Picha ile inajulikana nchi nzima. Nahodha wa Collingwood siku hiyo alikuwa Tony Shaw, yule aliyesifiwa hapo juu.

Na sisi wasomaji wa Kiswahili tunapaswa kumjua Héritier Lumumba, ambaye wakati fulani aliitwa Harry O'Brien. Alizaliwa Rio de Janeiro kwa mama Mbrazili na baba mwenye asili ya Kongo, na alikuwa katika kikosi cha ubingwa wa 2010 chini ya Maxwell. Baada ya kuondoka alieleza hadharani ubaguzi alioupata ndani ya klabu, likiwamo jina la dharau alilokuwa akiitwa na wenzake, na kwa miaka hakusikilizwa. Ripoti iliyoagizwa na klabu na kutolewa hadharani mwaka 2021 ilisema kuna ubaguzi wa kimfumo. Rais wa klabu akajiuzulu siku chache baadaye. Pauni 3 kwa kila mtu ni jambo jema, lakini kuna mchezaji aliyekaa katika chumba hichohicho asipate heshima aliyopata jirani yake. Naomba mleta mada ajibu hilo bila kulizunguka.

Mleta mada

Ndugu mchangiaji wa tatu, sitalizunguka. Umesema kweli, na nilipaswa kuanza nalo. Nilipoandika kwamba nahodha ni dhamana ya usawa, nilikuwa nikiutazama usawa wa mfukoni, kwa kuwa ndio unaoandikwa katika historia za klabu. Usawa wa heshima ni mgumu zaidi kwa nahodha, maana pale adui si kamati iliyo ofisini bali ni mzaha wa wenzake mwenyewe, na mara nyingine ni wake pia. Kwa kipimo hicho manahodha ninaowasifu wanapungua. Minogue aliacha klabu kwa sababu ya rafiki mmoja aliyeonewa. Lumumba hakupata wa kuondoka naye. Baada ya ripoti ile, wachezaji zaidi ya 150 wa klabu, wanaume na wanawake, walitia saini barua ya wazi ya kuomba radhi kwa yaliyotokea. Ilikuja kwa kuchelewa, na ninaona ni haki kusema hivyo.

Kuhusu koo, mchangiaji wa pili, hoja yako ni nzuri na sina jibu kamili. Ligi ina kanuni inayoipa klabu kipaumbele cha kumsajili mtoto wa mchezaji wake wa zamani, na ndiyo iliyomleta Darcy. Kanuni hiyo, hata hivyo, haimfanyi mtu kuwa nahodha.

Jambo ninalolipenda zaidi katika mwaka 2023 ni la mtu aliyeuacha unahodha. Scott Pendlebury aliushika tangu 2014 hadi 2022, akawa nahodha aliyeiongoza Collingwood katika mechi nyingi kuliko yeyote kabla yake, akiwapita Coventry na Buckley. Katika kipindi chake klabu ilifika fainali moja tu, ile ya 2018, ikaikosa. Akaachia cheo kwa hiari akiwa bado anacheza, akakaa chini ya uongozi wa Darcy Moore, ambaye alimzidi umri kwa miaka mingi. Katika mchezo huu si wengi walioweza kurudi katika safu bila kinyongo.

Fainali ilichezwa tarehe 30 Septemba mbele ya watu 100,024, dhidi ya Brisbane. Kocha wa Collingwood alikuwa Craig McRae, ambaye alikuwa mchezaji wa ile Brisbane iliyomnyima Buckley kombe mara mbili. Robo ya mwisho timu zilipishana kuongoza. Pendlebury, akiwa na miaka 35 na bila cheo chochote, alifunga goli muhimu katika robo hiyo. Collingwood ilishinda kwa pointi 90 dhidi ya 86, ubingwa wake wa 16.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, kabla uzi haujazama, usiwasahau wanawake. Collingwood ilikuwa miongoni mwa klabu nane zilizoanzisha ligi ya wanawake mwaka 2017, na nahodha wao wa kwanza alikuwa Steph Chiocci, ambaye baadaye alishirikiana cheo hicho na Brianna Davey. Wachezaji wa ligi hiyo walianza kwa malipo madogo sana, na wengi walikuwa wakitoka kazini jioni ndipo waende mazoezini, kama walivyofanya watu wa Syd Coventry waliotoka viwandani. Ukiendelea na mada yako ya malipo, nadhani sura inayofuata iko kwao.

Mleta mada

Umenena vyema. Nitaiandalia uzi wake, kwa kuwa suala la malipo ya wanawake lina mikataba na tarehe zake, na sitaki kulipitia juujuu. Kwa sasa, mwenye kumbukumbu zaidi kuhusu mgomo wa Tuddenham na Thompson, hasa namna wachezaji wenzao walivyoupokea ndani ya chumba, aongeze hapa chini.